Swichi Kubwa ya Mzee Jayanti

Nyinyi mnaosomea kompyuta pale Tunguu mna bahati ambayo sisi hatukuwa nayo: mkiharibu kitu, aliye karibu ni mwalimu. Mimi nilipoharibu, aliye karibu alikuwa mwenye mali. Kwa hiyo kabla sijawafundisha lolote, naona nikiri kwanza. Nimeua redio za watu, nimeua televisheni, nimeua simu ya meneja siku yake ya kwanza kazini. Na nilipostaafu, nikidhani mauaji yameisha, nikaua kisanduku cha waifai ambacho mama mmoja alikuwa akikitegemea ili amuone mwanawe akiolewa. Hicho ndicho ninachotaka kuwasimulia. Nikipotea njia kidogo mnivumilie, nitarudi.

Jina langu ni Raya, mkaazi wa Mpendae. Kwa miaka mingi nilikuwa fundi katika hoteli moja ya Kendwa. Nilitengeneza simu za vyumbani, televisheni, kamera, na mwisho ikaja waifai, ikazifanya kazi nyingine zote kuwa za pembeni. Mgeni akikosa maji ya moto atalalamika asubuhi. Akikosa waifai anakuja mapokezi papo hapo, taulo kiunoni. Visanduku vya kurushia waifai tulivitundika kila pembe, hadi kwenye minazi, na huko vilipata wapangaji. Chumvi ya bahari ilikula viungo, sisimizi walihamia na mayai yao, na siku moja nilimkuta mjusi kafiri amekauka juu ya saketi, ametulia kabisa. Meneja alikuwa ameshaandika barua ya kuilaumu programu. Wanangu, kabla hamjailaumu programu, fungueni mtazame nani anaishi humo ndani.

Mwezi niliostaafu mimi, na visanduku vile vilistaafishwa. Mimi nilipewa keki na saa ya ukutani, vyenyewe vilikatwa roho kutoka mbali. Vilikuwa visanduku vya kufungwa: havifanyi kazi mpaka vizungumze na kampuni iliyovitengeneza, huko iliko, vipewe ruhusa. Kampuni ilipoacha kuvitengeneza ikaifunga na huduma ya ruhusa. Asubuhi moja taa zote zikaacha kijani zikawa rangi ya chungwa, na hoteli nzima ikabaki na visanduku vizima, visivyo na kasoro hata ya msumari, ambavyo havifanyi kitu. Meneja akaagiza vipya, vile vya zamani akasema vikatupwe.

"Nipe mimi," nikamwambia.

"Bi Raya, hivyo vimekufa."

"Havijafa. Vimenuna."

Alicheka, lakini sikuvigusa mpaka alipoandika barua kwamba nimepewa. Nakuombeni mlishike hili hata kama mengine yote mtayasahau: usifungue kisanduku cha mtu bila ruhusa ya mwenyewe. Ujuzi wa kufungua vilivyofungwa una jina zuri na una jina baya, na kilichonitofautisha mimi na mwizi ni barua ile.

Nilichokusudia wengi wenu mnakijua, lakini nitakieleza kwa wasiojua. Ndani ya kila kisanduku mna programu inayokiendesha. Unaweza kuitoa ile ya kampuni ukaweka programu huria, iliyoandikwa na watu wa nchi mbalimbali na kuachwa wazi kwa yeyote anayeitaka. Kisanduku kikishaipata hakimuombi mtu ruhusa tena. Ila si kila kisanduku kinakubali. Kigeuze usome karatasi iliyobandikwa chini. Jina kubwa ni la dukani; nambari ndogo ya toleo ndiyo inayosema kweli, na viwili vinavyofanana kama pacha vinaweza kuwa na matumbo tofauti. Katika lundo langu lote, vya toleo linalokubali vilikuwa vitatu tu. Vilivyobaki vina kufuli ambayo mpaka leo sijui kuifungua, na sioni haya kusema. Fundi asiyeweza kutamka "hiki kimenishinda" atawamalizia watu vyombo vyao.

Vile vitatu viliishia Hurumzi, kwa Mzee Jayanti.

Mzee Jayanti ndiye aliyenifundisha kazi. Ni Mhindu wa hapa hapa Mji Mkongwe, fundi wa redio, duka lake liko chini ya nyumba aliyozaliwa babu yake, na Kiswahili chake kinanishinda mimi. Nilipelekwa kwake na mama yangu nikiwa nimetoka skuli.

"Bwana Jayanti, huyu binti anataka kujifunza redio."

"Redio zina umeme, Bibi."

"Ndio nilivyomwambia. Hasikii."

Mwezi wa kwanza hakunipa hata bisibisi. Kazi yangu ilikuwa moja. Saa saba mchana, duka linapofungwa ili watu wakale na kupumzika mpaka saa kumi, nizime swichi kubwa. Ilikuwa mlangoni, ipo mpaka leo, ina mkono wa chuma unaovutwa chini kwa nguvu, na ukiivuta duka zima linakufa. Ujanani mwake Mzee aliwahi kuacha redio ya mtu inawaka akaenda kula, akarudi akakuta moshi unatoka madirishani na baba yake amesimama nje. Nyaya za nyumba zile ni kongwe. Tangu siku hiyo akawa na sheria moja, naye aliisema mara nyingi kuliko jina langu: pasipo mtu, pasiwe na umeme. Nilikaa kwake miaka mitano, na mpaka leo ikifika saa saba mkono wangu wa kulia unatafuta kitu cha kuvuta.

Juu ya duka, chumba cha nyuma kabisa, anakaa Bi Mize. Ni fundi wa kushona, na ni kiziwi tangu utotoni. Mumewe alifariki zamani, akamwachia mtoto mmoja, Hidaya, ambaye anasikia vizuri lakini alianza kuzungumza kwa mikono kabla ya kuzungumza kwa mdomo, maana ndiyo lugha ya mama yake. Hidaya alikwenda Maskati kushona, na tangu hapo huzungumza na mama yake kwa simu ya picha.

Hapa nataka mfikiri kidogo. Sisi picha ikiganda kwenye simu tunasema, "Nakusikia, endelea tu." Bi Mize haambiwi "endelea tu." Picha ikiganda, mikono ya mwanawe imeganda hewani, na neno limekatika katikati. Na nyumba zile za mawe na chokaa zina kuta nene kuliko urefu wa mkono wangu mpaka kiwikoni. Waifai ya rauta iliyokuwa dukani haikufika hata ngazi ya tatu, na mtandao wa simu huko nyuma ndio usiseme. Kwa hiyo miaka yote Bi Mize alikuwa akishuka, anakaa barazani mbele ya duka, anazungumza na mwanawe huku wapita njia wakitazama.

Basi Hidaya akaposwa huko huko. Nikaha ikapangwa Ijumaa, viza ya mama haikutoka kwa wakati, ikabaki simu. Bi Mize akitaka kukwambia jambo refu huliandika kwa chaki ya kushonea juu ya kipande cha kitambaa cheusi anachokibeba begani. Siku ile alimwandikia Mzee Jayanti: SIKU YA HARUSI YA MWANANGU SIKAI BARAZANI. Akasisitiza kwa kidole chini ya SIKAI mpaka chaki ikafutika.

Alikuwa na haki. Mama wa bibi harusi hukaa chumbani kwake, amefukiza udi, amezungukwa na wanawake wenzake. Hakai njiani kama anayesubiri gari. Mzee Jayanti akanipigia simu: "Raya, una vile visanduku vyako vilivyonuna?"

Hesabu ilikuwa nyepesi. Kimoja dukani, kimoja kwenye kona ya ngazi, kimoja chumbani kwa Bi Mize, vyote vimeungwa kwa waya kwa sababu kuta zile hazibembelezeki. Vitatu, na mimi nilikuwa navyo vitatu, wala hapakuwa na cha akiba.

Nilianza Jumanne. Nilikaa mezani kwa Mzee, nikaunga kompyuta na kisanduku cha kwanza kwa waya (msithubutu kufanya kazi hii kwa waifai yenyewe, ni kukata tawi ulilokalia), nikaipeleka programu mpya, taa ikaanza kupepesa. Hapo kisanduku kinafuta cha zamani na kuandika kipya, dakika tano hivi, na katika dakika tano hizo kinaomba kitu kimoja tu: umeme usikatike. Nilikuwa nimeridhika na nafsi yangu. Niliinama kutafuta miwani kwenye mkoba. Mzee Jayanti akaingia kutoka nje, akachukua funguo msumarini, na mkono wake ukaenda ukutani.

Kah!

Feni ikaanza kupunguza mwendo. Kompyuta yangu, yenye betri, ikabaki inawaka peke yake gizani.

"Mzee!"

"Naam."

"Umezima?"

"Si saa saba hii?"

Mkono wake haukufikiri, na mimi ningekuwa mlangoni ningefanya vile vile, kwa nguvu ile ile. Kosa lilikuwa langu. Mtu aliyevuta swichi ile miaka mitano, anaanza kazi ya dakika tano saa saba kasoro dakika tatu! Maelekezo ya programu nilikuwa nimeyasoma mara mbili. Yanaonya juu ya radi, yanaonya juu ya nyaya mbovu. Hayaonyi juu ya chakula cha mchana.

Tukarudisha umeme. Taa ya kisanduku ikawaka nyekundu, ikatulia hivyo hivyo. Nilipoinua kichwa nikamwona Bi Mize ngazini, utepe wa kupimia shingoni. Hakuna aliyemwambia kitu. Watu wasiosikia wanasoma nyuso kuliko sisi, na uso wangu siku ile ulikuwa umeandikwa kwa herufi kubwa. Alinitazama, akamtazama Mzee, akageuka akapanda juu. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nikiwa msichana, na njiani kurudi Mpendae nililia kidogo. Mwanamke mzima, na pensheni yangu, nalia kwa ajili ya kisanduku.

Asubuhi yake niliamka na akili. Ndani ya visanduku vingi mna kijiprogramu cha mwanzo kabisa, ambacho kazi yake ni kuviamsha tu. Hicho hukiandiki upya, kwa hiyo aghlabu hakifi. Tatizo ni kukifikia. Inabidi ufungue kisanduku, utafute kwenye saketi vijitundu vidogo vilivyojipanga mstari, ulehemu nyaya tatu: wa kusema, wa kusikia, na wa ardhi. Cha nne ni cha umeme, mkiache, mkikigusa mtaunguza kila kitu. Vijitundu vyenyewe vilikuwa vidogo kuliko punje ya mtama, na macho yangu siku hizi hayavioni hata kwa miwani.

"Leta," akasema Mzee Jayanti.

Ana miaka themanini. Kikombe cha chai hakifiki mdomoni mwake bila kumwagika. Akavaa lenzi yake jichoni, akashika chuma cha solda, na mkono ukatulia tuli. Matone matatu ya risasi yakakaa pahala pake, yanang'aa. Hakusema lolote kuhusu jana yake. Tangu nimjue hajawahi kuomba radhi kwa mdomo, huomba kwa kufanya kazi.

Nikaunga nyaya na kompyuta, nikawasha. Kimya. Hata herufi moja. Nikazima, nikawasha. Kimya.

"Waya huu kazi yake nini?" akauliza Mzee. Hajawahi kutumia kompyuta maishani mwake.

"Wa kusema."

"Na huko kwenye kompyuta umeutia wapi?"

"Kwenye wa kusema."

"Basi wote wawili wanasema. Nnakuuliza, nani anasikia?"

Nilibadilisha nyaya huku nimeinamisha uso asinione nacheka. Wa kusema wa huku ukaingia kwenye wa kusikia wa kule, na papo hapo kioo kikajaa takataka: alama za kuuliza, vimraba, mikwaju. Msiogope takataka. Takataka maana yake kisanduku ki hai na kinazungumza, ila mwendo wenu haulingani. Nikarekebisha mwendo, herufi zikaja safi, mstari baada ya mstari. Ukibonyeza kitufe ndani ya nukta chache za mwanzo, kile kijiprogramu kinasimama na kukuuliza unataka nini. Nilichelewa mara sita. Ya saba kikasimama. Nikakiambia kipokee faili kupitia waya wa mtandao.

"Mzee, saa ngapi?"

"Saa nne na robo."

"Huna pahala pa kwenda?"

"Nimekaa hapa, Raya. Andika."

Tukaitazama taa dakika tano nzima. Ilipogeuka kijani, Mzee aliupiga ubao wa meza kwa kiganja, mara moja, kisha akaenda kumpigia hodi Bi Mize kama afanyavyo siku zote, kwa kukanyaga ubao wa ngazi mpaka mtikisiko umfikie chumbani kwake.

Alhamisi nilivifunga vyote vitatu. Msipandishe nguvu ya kisanduku mpaka mwisho mkidhani mnafanya hisani. Katika nyumba ya mawe vitapigana kelele tu. Nguvu ya kadiri, kila kimoja na chaneli yake. Bi Mize akajaribu simu akiwa amekaa kitandani kwake, na mikono ya Hidaya ikapita kiooni laini, bila kukwama. Alizungumza saa nzima. Nadhani alikuwa akijaza pengo la miaka.

Ijumaa, saa sita mchana, nikiwa nimevaa baibui jipya na nimebeba sinia la visheti, ndipo nilipokumbuka. Visanduku vile vinapata umeme kupitia waya ule ule wa mtandao, na waya wote unaanzia dukani. Rauta ipo dukani. Betri ya akiba ya Mzee ilikuwa imekufa miaka, tunawekea chungu cha maua juu yake. Nikaha ilikuwa saa nane na nusu kwa saa zetu. Duka hufungwa saa saba.

Nikasimama mlangoni. "Mzee, leo ikifika saa saba..."

"Leo Ijumaa, najua," akasema, hata hakuinua uso kutoka kwenye redio aliyoifungua. "Panda juu, wenzio wanakusubiri."

Sikujua kama amenielewa. Kumwambia mzee wa miaka themanini, aliyeona duka la baba yake linaungua, kwamba aache umeme unawaka na afunge mlango aende zake, sikuweza. Nikapanda. Chumba kilikuwa kimejaa wanawake na moshi wa udi, simu imeegemezwa kwenye cherehani. Kila mtu alimtazama Bi Mize, mimi nilitazama taa ya kisanduku juu ya kabati. Saa saba ikafika. Nikasikia mlango wa duka unafungwa, komeo likaingia. Taa ikabaki kijani.

Saa nane na nusu Hidaya akatokea kiooni, amekaa juu ya zulia, hina mpaka kwenye viwiko. Ami yake, ndugu wa marehemu baba yake aliye huko huko, akaingia na mashahidi wawili kumuuliza kama ameridhia. Mnajua desturi: bibi harusi huulizwa, naye hujibu kwa sauti ndogo, au hunyamaza, na kimya chake huwa ndiyo. Hidaya hakunyamaza na wala hakuanza kwa sauti. Aligeuza uso akaitazama simu, akapeleka mikono kifuani, akaifungua kuelekea kwa mama yake. Nimeridhia, mama. Halafu ndipo akamjibu ami yake kwa mdomo. Mikono ile ilikwenda toka mwanzo mpaka mwisho bila kuganda hata kidogo. Na kigelegele cha kwanza chumbani mle kilipigwa na Bi Mize mwenyewe, kikubwa, kimepinda, kwa sauti ambayo hajawahi kuisikia. Wote tulilia, na mimi niliyejidai nimekuja kutazama taa nililia kuliko wote.

Ilipoisha nikashuka. Mlango wa duka ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikabisha, Mzee Jayanti akafungua kidogo, akarudi kukaa. Kigoda chake alikuwa amekiweka ukutani, chini kabisa ya swichi kubwa, na hapo ndipo alipokaa tangu saa saba.

"Hujaenda kula?"

"Pasipo mtu, pasiwe na umeme," akasema. "Mtu yupo."

Nyuma yangu Bi Mize alikuwa ameshuka, mkono mmoja sahani ya halua, mkono wa pili kitambaa chake cheusi. Alikitandaza juu ya meza, juu ya redio iliyofunguliwa, ili Mzee asome: NIMEMWONA MPAKA MWISHO. SASA ZIMA UKALE.

Mzee Jayanti akasoma polepole. Akaitazama swichi, kisha akaitazama saa yangu niliyopewa nilipostaafu, ambayo niliitundika kwake kwa sababu nyumbani ilinikumbusha uzee. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi.

"Nizime nini tena?" akasema, akivuta sahani ya halua. "Nshachelewa. Fungua mlango huo, Raya, wateja wanakuja."